Nani Anampelekea Baba Maneno Yangu

Jumatatu, 7 Oktoba

Baba amepiga simu saa saba mchana, nikiwa kwenye foleni ya chakula. Shikamoo, marahaba, Mama hajambo, cherehani moja imevunjika mguu. Ya kila siku. Halafu, kwa sauti ile ile ya cherehani: "Eti anayeomba anajisikiliza mwenyewe. Hilo nalo umelitoa wapi, mama?"

Nikatoka kwenye foleni.

Hiyo ni sentensi yangu. Neno kwa neno! Nimeisema Jumatano iliyopita kwenye semina ya mwalimu tunayemwita Mama Kwa Nini, chumba namba tisa, tukiwa wanafunzi kumi na mmoja. Nimeiandika pia kwenye insha, lakini insha aliikusanya mwalimu kwa mkono wake. Nyumbani sijamwambia mtu. Hata paka sijamwambia.

Nikamuuliza, Baba, nani kakwambia? Akacheka kile kicheko chake cha pini mdomoni. Nimesikia tu, akasema. Amesikia tu! Mtu anasikia tu mvua. Hasikii tu insha ya mwaka wa pili.

Niandike mambo yalivyo nisije nikajichanganya. Nasomea shahada ya masomo ya dini. Baba ni fundi cherehani siku sita na mhubiri siku ya saba. Kanisa letu lina paa la bati, mabenchi arobaini na spika moja inayokoroma. Nilipopata nafasi ya chuo alinisimamisha mbele ya watu wote: "Huyu anakwenda kumsomea Mungu!" Makofi. Vigelegele. Hakuna aliyejua, hata mimi sikujua, kwamba huku Mungu hasomwi. Wanasomwa watu. Kwa nini wanapiga magoti, nani kawaambia wapige, nani anafaidika wakipiga. Mwaka wa kwanza nililia chooni mara mbili. Mwaka huu silii. Mwaka huu napenda — napenda mno — na hilo ndilo sitaki Baba alijue.

Sasa kuna mtu anampelekea.

Jumanne, 8 Oktoba

Kipindi kizima cha asubuhi sikusikia kitu. Nilikuwa nahesabu watu. Kumi na mmoja, nitoe mimi, kumi. Tisa hawamjui Baba hata kwa sura. Wa kumi ni Kinasa.

Kinasa ni wa mtaani kwetu. Nguo za shule za wadogo zake alishona Baba. Tangu mwaka wa kwanza anaweka simu mezani na kurekodi kila kipindi, ndiyo maana tukampa jina hilo. Mpole. Hasemi. Sasa mtu asiyesema, maneno yote anayoyakusanya anayapeleka wapi?

Halafu kuna Nesi, mwenzangu wa chumba. Si nesi bado, anasomea uuguzi, lakini tayari ananipangia saa za kunywa maji. Ana namba ya Baba tangu nilipolazwa mwaka jana. Na insha zangu namsomea kwanza yeye, kwa sababu akisinzia najua aya haifai.

Nimemvamia akipiga pasi koti lake jeupe. Unaongea na baba yangu? Akasema, baba yako yupi? Nikasema, nina wangapi? Akacheka mpaka akaunguza ukosi. Anasema Mzee alimpigia mara moja tu, mwezi wa tano, kuuliza kama nakula. "Nikamwambia unakula chako na changu."

Sikucheka. Amejibu haraka mno. Au ni mimi?

Jumatano, 9 Oktoba

Semina. Mama Kwa Nini ni dokta wa nywele za mvi zilizokatwa fupi na viatu vya raba. Ukisema jambo anauliza kwa nini. Ukieleza, anauliza tena. Mpaka unafika mahali huna sentensi, unabaki unamtazama, na yeye anatabasamu kana kwamba sasa ndiyo umeanza kusoma.

Leo ilikuwa mtazamo wa ndani na mtazamo wa nje. Anayeamini anaona nini, mgeni anayemtazama anaona nini, na yupi kati yao anadanganyika. Siku nyingine mkono wangu ungekuwa juu kabla hajamaliza. Leo nimekaa kama gogo. Akaniuliza, "Leo nani kakufunga mdomo?" Darasa likacheka.

Kinasa hakucheka.

Simu yake ilikuwa mezani, kitaa chekundu kinawaka. Nikahama kiti, nikaenda nyuma kabisa. Dakika mbili hazijapita, akanyoosha mkono — akaigeuza! Nimeona kwa macho yangu. Akaigeuza ikaelekea kwangu.

Insha ya pili tumepewa: eleza tendo moja la ibada ulilolishuhudia, na uliloliona wewe ambalo wengine hawakuliona. Kurasa mbili, kwa barua pepe. Mwisho Jumatatu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda nyumbani. Nilisema naenda kusalimia. Nilienda kupeleleza.

Ibada ilianza kama zote. Spika ikakoroma, Baba akaipiga kofi, ikanyamaza. Anahubiri huku mikono inapima hewa, mabega, kiuno, urefu wa mguu, ufundi haumtoki hata madhabahuni. Halafu katikati ya mahubiri akasema, "Ndugu zangu, leo hebu tujitazame kwa mtazamo wa nje."

Hilo ni somo letu la Jumatano!

"Mgeni akiingia humu sasa hivi ataona nini? Ataona watu wamefumba macho. Mbona wamefumba?" Akanyamaza. Watu wakasubiri jibu. Hakulitoa! Akafungua ukurasa mwingine. Katibu wa kanisa, mzee wa suti ya kahawia, akakohoa kikohozi kirefu cha kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ananikejeli, nikawaza. Ameletewa semina nzima na sasa ananikejeli mbele ya watu.

Kwenye ombi la mwisho alilia, kama kila Jumapili. Sauti ikakatika pale pale inapokatikaga, leso ya bluu ikatoka, akina mama wakalia pamoja naye, na kanisa zima likapumua. Afadhali, kuna kitu hakijabadilika.

Nje, Katibu akanivuta kando. Binti, unamlisha nini baba yako kutoka huko chuoni? Siku hizi anauliza maswali halafu anatuachia sisi tujibu. Sisi tunakuja kupumzika! Nikamwambia simlishi kitu. Akaniangalia kama nimeficha sadaka mfukoni.

Jikoni, Mama anaosha vyombo, mimi nafuta. Bila kugeuka akasema, "Baba yako ana mtu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Anasema tangu mwaka jana Baba anafunga duka saa kumi kila Jumanne na Alhamisi. Anaoga. Anavaa shati la kutokea. Anarudi saa mbili, anasema alikwenda kuwapima wateja majumbani. "Wateja gani wanapimwa bila tepu? Tepu anaiacha hapa hapa, juu ya cherehani. Na anacheka peke yake akifunga vifungo, mwanangu. Miaka ishirini na mitatu sijamwona akicheka na vifungo."

Nikamwambia, Mama, Baba si mtu wa hivyo. Akasema, "Wa hivyo wakoje?"

Nilikwenda na shaka moja, nimerudi nazo mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Insha imeisha. Siyo niliyokusudia.

Nilikusudia kuandika jinsi watu wanavyopanga foleni ya baraka, nani anamtangulia nani. Nikakaa maktaba, nikaandika mistari minne, nikafuta. Halafu kikatoka kingine. Kimetoka kwa saa moja bila kusimama.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyuma ya madhabahu kuna chumba kidogo kilichogawanywa kwa pazia, na upande wa pili wa pazia huwekwa biskuti za wageni. Nilikuwa huko na biskuti mdomoni aliposogea kwenye kioo cha ukutani mhubiri mmoja. Insha inasema hivyo tu, mhubiri mmoja. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona akijitazama. Akalegeza midomo. Akasema neno "huruma", sauti ikakatika vibaya, kama mtu aliyekabwa na chai. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu chozi likatoka. Akalifuta, akatazama saa, akatoka.

Muda mfupi baadaye alilia mbele ya watu, neno lile lile, chozi lile lile. Na mama mmoja ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu amzike mumewe, miezi mingi, akapiga magoti akaanza kusema. Akasema jina la mumewe. Akasema mpaka wakamshika mabega.

Nimemalizia hivi: sikujua wakati ule nichukie nini, na mpaka leo sijui.

Sikumsomea Nesi. Sikuituma kwa barua pepe. Nimemkabidhi Mama Kwa Nini mkononi. Akauliza, kwa nini mkononi? Nikasema mtandao ulikuwa unasumbua. Uongo.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimetega mitego.

Kinasa nimemwambia nataka kuhama, nikasome sheria. Nesi nimemwambia nimeacha kabisa kwenda kanisani nikiwa chuo. Kila mmoja na lake, halijui mwenzake. Sasa nisubiri lipi litarudi kwa sauti ya Baba.

Ndiyo, najua. Nimekuwa askari kanzu.

Nesi alisema, "Haya, lakini Jumapili usiniamshe." Kinasa alisema, "Usihame. Utatuacha na ukimya." Maneno ya ajabu kutoka kwa mtu kama yeye. Anataka nibaki ili aendelee kuvuna?

Ijumaa, 18 Oktoba

Baba hajapiga. Ijumaa huwa hakosi. Nimempigia mimi. Simu imeita mpaka ikakatika.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama amepiga simu watu wakiwa ndio kwanza wanatoka ibadani. Niliwasikia nyuma yake.

Baba hakulia leo.

Anasema alifika pale pa kulia. Leso ilikuwa tayari mkononi. Akawatazama watu, muda mrefu, akairudisha leso mfukoni, akasema amina. Basi. Watu wakabaki wamepiga magoti, hawajui wainuke au wangoje. Mtoto wa mtu akauliza kwa sauti, "Kwani leo halii?" Katibu ameshaitisha kikao cha wazee Jumamosi ijayo. Wanataka kumuuliza Baba kama bado yupo pamoja nao.

"Huyo mwanamke kamkausha," Mama akasema. "Kamkausha mpaka machozi."

Kuhusu sheria Baba hajauliza. Kuhusu kanisa hajauliza. Mitego yote miwili iko mitupu. Kilichofika ni kile ambacho sikukitega, ambacho sikumwambia binadamu yeyote. Insha ile ilitoka mkononi kwangu ikaingia mkononi kwa Mama Kwa Nini.

Mama Kwa Nini anamjua Baba?

Jumanne na Alhamisi. Shati la kutokea...

Hapana. Hapana! Ana mvi. Anavaa raba. Ila Jumanne na Alhamisi saa tisa na nusu yeye huondoka kampasi, hilo kila mwanafunzi analijua, ukimtaka siku hizo humpati. Nimekaa kitandani na daftari hili magotini, na ninavyozidi kuandika ndivyo inavyozidi kuingia akilini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku ya aibu. Niiandike yote.

Saa nne nilipita nyuma ya maktaba, pale kwenye mabenchi ya saruji. Nikasikia sauti yangu. Mimi! Nikisema, anayeomba anajisikiliza mwenyewe. Halafu ikarudishwa nyuma, nikasema tena. Kinasa amekaa peke yake, simu ameibana sikioni, anaandika.

Sikungoja. Nilimpokonya simu. Nikamwambia kila kitu, mpelelezi, mnafiki, nilikujua tangu siku ya kwanza, unampelekea baba yangu, anakulipa nini, suruali? Watu kwenye mabenchi mengine wakageuka. Yeye akabaki ameinua mkono, kama mtu anayeomba apewe kitu chake.

Nilipoishiwa pumzi akasema, "Zunguka upande huu. Upande huo sikusikii."

Sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni. La kulia linasikia nusu. Anarekodi kila kipindi kwa sababu darasani anapata nusu ya maneno, halafu anakaa nyuma ya maktaba kila siku na kurudia mpaka nusu nyingine itokee. Simu anaielekeza kwa anayesema sana. Anayesema sana ni mimi. Siku ile nilipohama kiti aliigeuza akidhani nitaanza kusema.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaomba msamaha upande wa kulia. Akasema yameisha, kwa namna ambayo nilijua hayajaisha.

Halafu akauliza, "Kwani hujui insha zetu zinasomwa kule?"

Kule wapi?

Darasa la jioni. Chuo kina tawi mjini, juu ya duka la rangi, kozi hii hii, kwa watu wanaofanya kazi mchana. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja. Mwalimu ni Mama Kwa Nini. Anawasomea insha zetu, majina yamekatwa, wao wanazijadili. Tulisaini fomu mwanzoni mwa muhula kukubali. Nilisaini. Sikusoma. Mimi, ninayejiita msomi.

Yeye amejuaje? Dada yake anasoma huko. Mwaka jana alikwenda kumchukua jioni moja, akakutana ngazini na mzee anayemfahamu, amebeba madaftari ndani ya mfuko wa vitambaa, chini ya suruali za wateja.

Nikasema, usiniambie.

"Aliniomba nisikwambie," Kinasa akasema. "Na sikukwambia. Mwaka mzima. Wewe unasema napeleka maneno. Mimi nimeficha tu."

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda mjini. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la duka la vifaa vya shule, nikajifanya natazama madaftari. Saa kumi na moja kasorobo akaja. Shati la kutokea, mfuko wa vitambaa. Mlangoni mwa duka la rangi akasimama, akavuta pumzi, akanyoosha ukosi, vile vile anavyofanya kabla ya kupanda madhabahuni. Akapanda.

Baba yangu ni mwanafunzi. Yuko mwaka wa pili, kama mimi. Tunasoma vitabu vilevile! Alhamisi iliyopita alikaa humo kwenye kiti akasomewa pazia, biskuti, kioo. Mbele ya watu. Na akakaa kimya mpaka mwisho, maana angefanya nini?

Sikuvuka barabara.

Nimefika hosteli, simu ya Mama. Alhamisi anamfuata. Ameshaamua, ameshamwomba jirani abaki na ufunguo wa duka. Nikamwambia, Mama, usiende. Akauliza, "Mbona? Unajua nini?"

Sijui kitu, nikasema.

Sasa na mimi nina cha kuficha. Nikimwambia Mama, nimemuuza Baba mara ya pili. Nisipomwambia, atapanda ngazi zile na mkoba wake na kumpiga dokta wa watu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Naandika nikiwa ngazini, ngazi ya tatu kutoka juu. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Kutoka chini inapanda harufu ya rangi. Nilitaka niwahi, nimkamate Baba mlangoni, nimwombe radhi, nimwambie Mama anakuja. Nimechelewa. Wameshaanza. Mlango haushiki, wameuegesha kwa kiti, nasikia kila neno. Kuingia siwezi. Kuondoka pia siwezi. Naandika ili mikono itulie.

Mama Kwa Nini anasema leo watamsikiliza mwenzao aliyeomba kuijibu insha ya wiki iliyopita. Karibu, mzee.

"Mwalimu, naomba nisimame. Nimezoea kusimama."

Wamecheka kidogo.

Sauti ya Baba siyo ya madhabahuni. Ni ya dukani, ya kumwambia mteja kitambaa hakitoshi. Anasema kwanza aungame. Alikuja hapa kwa nia mbaya. Ana mtoto anasoma kozi hii mchana, na mtoto alianza kurudi nyumbani kimya. Anakula kimya, anasali kimya, ukimuuliza anasema salama. "Nikajiuliza, wanamfanya nini huko? Nikajiandikisha nije niwavizie. Nilidhani nitakaa mwezi mmoja, nipate ushahidi, nimwondoe."

Wamecheka tena. Mimi nimeshika chuma cha ngazi.

"Mwezi ukaisha, nikajikuta namngoja mwalimu aniulize. Nyumbani sikusema. Kanisani ndiyo kabisa. Mhubiri gani anakwenda kuuliza? Sasa insha. Huyo mhubiri wa kwenye kioo ni mimi."

Hakuna anayecheka.

Viatu vinapanda. Ni Mama. Mkoba wa kanisani ameushika kwa mikono miwili. Ameniona, amefungua mdomo. Nimeweka kidole midomoni. Ndani Mama Kwa Nini anasema, endelea, taratibu, hatuna haraka.

Mama ananinong'oneza: "Ndiye huyo?"

Nimemwambia huyo ni mwalimu. Baba anasoma.

"Anasoma nini?"

Ninachosoma mimi, Mama.

Amekaa chini, hapa pembeni yangu, bila hata kufuta vumbi la ngazi. Sijawahi kumwona Mama akikaa bila kufuta.

Baba anasema mwaka ule wa kioo walizika mtoto. Wa pili, wa kiume, siku kumi na nane. (Namkumbuka. Namkumbuka kidogo, nakumbuka blanketi.) Hakulia makaburini. Akadhani machozi yatakuja baadaye, hayakuja. Hayakuja kwa lolote. "Na kila Jumapili watu wananijia na misiba yao. Nitawaambia nini? Subirini, mimi yangu yamekauka? Basi nikajifunza kulia kama nilivyojifunza kushona ukosi. Wa kwanza ulipinda, wa pili afadhali. Nikawa fundi."

Mtu amesogeza kiti.

"Lakini yule mama aliyesema jina la mumewe, yake yalikuwa ya kweli. Hayo siyo ya kwenye kioo. Hapo mimi ndipo ninaposhindwa. Nyinyi wenzangu niambieni, nani alimdanganya nani?"

Mama ametazama mapaja yake. Amesema polepole, si kwangu, kwa mkoba: "Nilijua halii. Nilidhani hakumpenda."



Sauti ya mwanamke, kijana, labda dada yake Kinasa: mzee, na huyo mtoto aliyekuwa nyuma ya pazia, unamjua?

"Namjua. Sentensi zake nazijua. Kusoma na kuandika nilimfundisha mimi."

Angekuwepo hapa ungemwambia nini?

Hajajibu. Tunasikia feni.

Mama ameinua kichwa. "Pazia gani?"

Nimeendelea kuandika.

"Mwanangu. Pazia gani?"

Mama haangalii mlango tena. Anaangalia daftari hili, na mkono wangu unavyokwenda.